Visu vya Kurusha na Uwanja Wake katika Mazingira ya Rusizi

Kisu cha kurusha hakinolewi makali. Kazi yake yote hufanywa na ncha, na kingo zake huachwa butu ili mrushaji aweze kukishika hata upande wa bapa bila kujikata. Kwa sababu hiyo utunzaji wake unatofautiana na ule wa kisu cha jikoni au panga. Kisu cha jikoni huchakaa kwa kukata. Cha kurusha huchakaa kwa kugonga. Hugonga gogo, hugonga jiwe, hugonga kisu kingine kilichokwisha kuchoma, na baada ya kila kipigo hushikwa na mkono wenye jasho au huanguka kwenye majani yenye umande. Sehemu kubwa ya utunzaji basi hufanyika uwanjani, kabla tupa na chupa ya mafuta hazijaguswa. Mwenye shabaha mbovu atashinda siku nzima akinyoosha ncha, na mwenye shabaha nzuri atatumia visu vilevile miaka mingi.

Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, ni mahali panapoupima ukweli huo vizuri. Mji wa Kamembe uko juu ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwendo mfupi kuelekea kusini, bonde la Bugarama limeshuka chini ya mita 1,000, na ukingo wa mto Rusizi ndio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda yote. Juu kuna vilima vyenye usiku wa baridi na ukungu wa asubuhi, chini kuna joto na mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Mvua nyingi hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei, na ni Juni, Julai na Agosti tu zinazoweza kuitwa kavu. Chuma kisichopakwa kitu huanza kushika kutu pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60, na katika wilaya hii hali hiyo ni ya kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Silaha ya kurushwa si ngeni katika eneo hili la Afrika. Nchini Rwanda vijana wa itorero, yaani mafunzo ya jadi ya vijana, walifunzwa kurusha mkuki na kupiga upinde, na mchezo wa kulenga shabaha kwa mshale, unaoitwa kumasha, ungali unajulikana. Kisu chenyewe cha kurusha, hata hivyo, kina makao yake makuu kaskazini mwa Kongo na nchi zinazopakana nayo. Waazande walikuwa na kpinga, kisu chenye mapanga kadhaa yaliyochomoza pande tofauti kutoka kwenye mhimili mmoja, na askari alibeba visu hivyo ndani ya ngao yake ya kusukwa. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika nchi za Waazande na Wamangbetu kati ya 1868 na 1871, aliviona na kuvichora. Umbo lile lililoonekana la ajabu kwa wageni lilikuwa na hesabu yake: kisu kinachozunguka hewani hakina uhakika wa kufika kikiwa kimetanguliza ncha, lakini chenye ncha nne kitamfikia adui kwa mojawapo.

Kisu cha mchezo wa leo kina ncha moja tu, na tatizo lilelile la mzunguko hutatuliwa kwa umbali. Kisu kilichoshikwa mpini hukamilisha mzunguko mmoja katika mita 3 hadi 4 hivi, kutegemea urefu wake na mkono wa mrushaji. Akisogea nyuma kwa kiasi cha mita moja, kisu hupata nusu mzunguko zaidi, na hapo hushikwa upande wa ncha. Kila mrushaji hutafuta hatua zake mwenyewe na kuzitia alama chini. Kisu kinachofika kikiwa kimeinua mpini juu kimezunguka kupita kiasi, basi mrushaji asogee mbele kidogo. Kinachofika kikiwa kimeinamisha mpini bado hakijamaliza mzunguko, basi arudi nyuma. Marekebisho haya ni ya upana wa kiganja au viwili, na hayahitaji kuongeza nguvu. Nguvu nyingi huharibu visu kuliko kitu kingine chochote uwanjani, na haiongezi shabaha.

Kisu kinachofaa kina urefu wa sentimita 25 hadi 35 na ni kipande kimoja cha chuma kuanzia ncha hadi mwisho wa mpini. Mpini wa mbao au plastiki uliopigiliwa kwa ribiti haudumu. Hupasuka mara ya kwanza unapogongwa na kisu kinachofuata. Chuma cha urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 3.5 na unene wa milimita 4, baada ya kukatwa ncha, hutoa uzito wa karibu gramu 300, na uzito huo hutulia vizuri mkononi mwa mtu mzima. Visu vya seti moja vinapaswa kulingana kabisa kwa uzito na urefu, la sivyo kila kimoja kitazunguka kivyake na mrushaji hatajifunza lolote.

Kuhusu aina ya chuma, kosa linalofanywa mara nyingi ni kutaka kigumu. Chuma kigumu kama cha kisu cha jikoni hukatika kikigonga ubavu, na kipande kinachoruka ni hatari kwa macho. Kinachotakiwa ni chuma kinachokubali kupinda kidogo na kurudi, na mhunzi wa Afrika Mashariki anakijua chuma hicho kwa jina la springi ya gari. Springi bapa za malori na magari ya abiria zimetengenezwa ili zipinde mara nyingi bila kuvunjika, na zikikatwa na kusagwa polepole hutoa kisu bora kuliko vingi vya dukani. Tahadhari ni mbili. Ya kwanza ni joto: chuma kikigeuka rangi ya buluu wakati wa kusagwa kwa grenda, kimepita nyuzijoto 300 hivi na ugumu wake wa pale unaanza kupotea, kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu na chuma kichovywe kila baada ya kuguswa na jiwe. Ya pili ni nyufa. Springi iliyotupwa na gereji mara nyingi imetupwa kwa sababu imechoka, na ufa mwembamba kama unywele hauonekani kwa jicho. Wahunzi wana njia rahisi ya kuufichua: chuma husafishwa, hulowekwa katika mafuta ya taa, hufutwa kikakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Kipande chenye mstari huo hakifai kurushwa, hata kama mstari ni mfupi kama kucha.

Baada ya kisu huja shabaha, na hapa ndipo pa kutumia muda na fedha. Shabaha bora ni pande la gogo lililokatwa kwa msumeno, upande uliokatwa ukimtazama mrushaji. Nyuzi za mti zikisimama hivyo, ncha hupenya katikati yake na nyuzi hufunga tena kisu kikitolewa. Ubao uliolazwa, ambao nyuzi zake zimelala, hupasuka na hukirudisha kisu kwa nguvu. Pande liwe na unene wa sentimita 20 au zaidi na kipenyo cha sentimita 50 au 60. Katika mashindano ya kimataifa duara la katikati lina kipenyo cha sentimita 10, na duara nne nyingine hulizunguka, kila moja ikiongeza sentimita 10, kwa hiyo gogo la sentimita 50 linatosha kuchora shabaha nzima.

Mti ni wa kuchaguliwa. Mkaratusi umejaa kila kilima cha Rwanda na ndio utakaotolewa kwanza mtu akiuliza, lakini ni mti mgumu wenye mvutano mkubwa ndani yake. Pande lake hupasuka kutoka moyoni hadi kwenye gome ndani ya siku chache za jua, na likishakauka visu hudunda. Ukitumika, utumike ukiwa mbichi. Msonobari na mparachichi ni laini zaidi na huvumilia, na mgrevilea uko kati na kati. Mti unaoitwa umuko kwa Kinyarwanda ni laini kuliko yote hiyo na ungeshika kisu vizuri sana, lakini ni mti wenye heshima ya kale katika ibada ya jadi ya mzimu Ryangombe, na kuna wazee watakaoumia kuuona ukichomwa visu. Uachwe. Ukataji wa miti nchini Rwanda unahitaji kibali, na ndani ya Hifadhi ya Nyungwe haukatwi hata mmoja. Njia nyepesi ni kununua vipande vilivyobaki kwa mpasua mbao, ambaye mara nyingi huviuza kwa bei ya kuni.

Pande lililowekwa hutunzwa kwa maji. Uso wake ufunikwe gunia lililoloweshwa kila jioni katika miezi ya kiangazi, na nyuma yake, mbali na mahali ncha zinapofika, lifungwe waya mnene ili lisifunguke. Kila baada ya siku kadhaa lizungushwe robo ili duara jipya lipokee vipigo. Uso ukishalegea kama ufagio, msumeno huondoa sentimita 3 za juu na gogo huanza upya.

Kwa anayeanza kujifunza, Rusizi ina kitu kilicho bora kuliko gogo: shina la mgomba. Mgomba huzaa mara moja, na ndizi zikikatwa shina huangushwa shambani lioze. Mashina matatu yaliyosimamishwa na kufungwa pamoja kwa kamba yanashika karibu kila kisu kinachotanguliza ncha, hayapasuki, na kisu kilichokosea hutua kwa ulegevu badala ya kuruka. Mwanafunzi hupata matokeo mapema, na visu vyake havijeruhiki. Kasoro yake ni kwamba shina halidumu zaidi ya siku chache, na utomvu wake huganda juu ya chuma ukawa doa jeusi linalovuta unyevu. Visu vilivyochoma mgomba vioshwe kwa maji na sabuni saa hiyohiyo, si jioni.

Gogo mbichi la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 50 na unene wa sentimita 20 lina uzito wa karibu kilo 40. Likianguka juu ya mguu wa mtoto ni balaa, kwa hiyo stendi yake iwe ya miguu mitatu, iliyozikwa ardhini au kukazwa kwa vigingi, na katikati ya shabaha ikae kwenye kimo cha kifua hadi bega la mrushaji. Misumari na boliti zote ziingie kwa nyuma. Ncha inayogonga kichwa cha msumari mara moja huwa butu na kupinda kwa pamoja.

Uwanja wenyewe huchaguliwa kwa kutazama kilicho nyuma ya shabaha. Swali la kwanza ni kisu kitaishia wapi kikikosa, na vilima vya Rusizi vinalijibu kwa urahisi: uwanja uchimbwe kwenye tuta la mteremko, kama yale matuta ya ngazi yanayolimwa, shabaha ikipewa mgongo wa ukuta wa udongo wenye kimo kisichopungua mita mbili na nusu. Udongo hukimeza kisu bila kukiumiza. Ukuta wa matofali, wa zege au wa mawe haufai hata kidogo, kwa sababu hukirudisha kisu kwa mrushaji na kukivunja ncha. Na mawe meusi ya volkeno yaliyotapakaa katika udongo wa Kamembe na wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, yaokotwe yote kutoka kwenye tuta kabla ya siku ya kwanza. Pasipo na mteremko, nyuma ya shabaha huning'inizwa zulia kuukuu au maturubai mawili yaliyolegea, nayo nguvu ya kisu huisha ndani ya mikunjo. Asiwepo mtu, njia wala mfugo nyuma ya pazia hilo.

Chini ya shabaha pawe laini. Bugarama ina vinu vya mpunga, na makapi yake, yakimwagwa kwa kina cha kiganja kuzunguka stendi, hupokea visu vinavyoanguka vizuri kuliko nyasi au changarawe. Makapi yaliyolowa mvua huwa kitanda cha kutu, hivyo hubadilishwa. Nyasi zikatwe fupi kabisa, kwani kisu kilichopotea majanini leo hupatikana kesho na mguu wa mtu aliyevua viatu. Kipande cha utepe mwekundu kwenye mpini husaidia sana.

Rusizi iko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na jua la asubuhi na la jioni huja moja kwa moja kutoka mashariki na magharibi. Mrusho uelekezwe kusini au kaskazini, na tatizo la jua machoni litakuwa limekwisha. Upepo wa ziwani hausumbui kisu katika mita tatu hadi tano. Kati ya mrushaji na mwenzake wa pembeni paachwe mita tatu, na watazamaji wakae nyuma ya kamba iliyo mita tano kutoka mstari, kamwe si pembeni, kwa kuwa kisu kinachodunda huchepuka upande kwa urahisi kuliko kinavyorudi nyuma moja kwa moja. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Kanuni za mstari ni chache na hazina mapatano. Wote warushe pamoja na wote waende kuchukua visu pamoja, kwa neno la mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo. Hakuna anayeshika kisu mkononi wakati mwingine yuko mbele ya mstari. Kisu hutolewa kwenye gogo kwa kuvutwa moja kwa moja nyuma, mkono mwingine ukiegemea gogo. Anayekitikisa juu na chini ili kilegee ndiye anayeipinda ncha, na wengi huilaumu shabaha kwa kosa hilo. Kila kisu kirushwe mahali pake. Warushaji wenye mkono mzuri wasilenge duara moja kwa visu vitatu mfululizo, bali wachore alama tatu kwenye gogo moja, maana jeraha baya kuliko yote kisu kinalipata kutoka kwa ndugu yake.

Uwanja wa visu katika wilaya hii hauwezi kufunguliwa kimyakimya. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa hapa kwa mapanga na silaha za jadi, na uwanja wa michezo wa Kamarampaka, ambako Watutsi walikusanywa na kuzuiliwa na baadhi yao wakatolewa kwenda kuuawa, uko mjini Kamembe hadi leo. Mtu anayesikia chuma kikigonga mti nyuma ya ua wa jirani ana haki ya kujua ni nini. Viongozi wa ngazi za chini za utawala, yaani wa umudugudu, wa akagari na wa umurenge, waelezwe kabla ya gogo la kwanza kusimamishwa, majirani waalikwe kutazama, na mahali pachaguliwe mbali na kumbukumbu za mauaji ya kimbari. Shabaha iwe duara tupu. Sura ya mtu isichorwe kamwe. Katika wiki ya maombolezo, kuanzia 7 hadi 13 Aprili, uwanja ufungwe na visu vifungiwe ndani. Visu pia havibebwi wazi barabarani, na asiye na sababu ya lazima asivivushe kwenye daraja la Rusizi kwenda Bukavu. Kwa ndege ya kutoka Kamembe, mahali pake ni kwenye mzigo wa chini, si kwenye mkoba wa mkononi.

Mazoezi yakiisha, kila kisu hupitishwa kitambaa cha pamba kuanzia mpini hadi ncha, kwenye kingo zote. Kitambaa kinaponasa, hapo pana kijino cha chuma kilichoinuliwa na kipigo. Kijino hicho hupasua kiganja katika mrusho unaofuata kama wembe. Huondolewa kwa tupa laini, ikisukumwa kwa urefu wa kisu na si kwa kukikata upana, mpaka kitambaa kipite bila kunasa. Baada ya hapo msasa namba 400 husawazisha. Kinachoondolewa ni kile kilichochomoza tu. Anayesaga ukingo mzima ili upendeze hupunguza uzito wa kisu hicho na kukitoa kwenye seti yake.

Ncha haitakiwi kuwa kama sindano. Ncha nyembamba hupinda, na ncha iliyopinda hupenya kwa kuteleza. Iwe na umbo la mwiba mfupi mnene, uliosagwa sawa pande zote mbili, na kilele chake kilainishwe kidogo kwa jiwe la kunoa. Iliyopinda hunyooshwa kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mti mgumu, kwa vipigo vyepesi, bila moto. Kuipeleka kwenye makaa kunanyoosha haraka, lakini kunaondoa ugumu wake, na siku inayofuata itapinda zaidi.

Kutu huzuiwa kwa ukavu kwanza, mafuta baadaye. Jasho lina chumvi, na utomvu wa mkaratusi una tindikali inayoacha doa la buluu na weusi. Mafuta yakipakwa juu yake huifungia ndani. Kisu kioshwe, kikaushwe, kianikwe hewani nusu saa, ndipo kipakwe mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa, kiasi cha kuacha ung'aro tu. Mafuta ya mawese na ya alizeti yapo kila nyumba, lakini hayafai: huganda au kuwa gundi inayokusanya vumbi, na kuiondoa kunahitaji mafuta ya taa. Kwa miezi ya mvua, nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa kwenye chuma kilichopashwa jua hushikilia muda mrefu zaidi. Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa, huondoka kwa msasa laini na mafuta. Iliyochimba vishimo isagwe hadi mwisho wake, na kama imefika mahali ncha inapoanza, kisu hakirudi uwanjani.

Visu havihifadhiwi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na hubaki na dawa za kutengenezea zinazokula chuma, hivyo ala ni ya safari tu. Nyumbani hulazwa kwenye sanduku la mbao kavu, kila kimoja kikiviringishwa kitambaa chake chenye mafuta, na sanduku liwekwe juu ya rafu ya ukuta wa ndani. Chini ya bati si mahali pake: usiku wa baridi wa Kamembe huyafanya mabati yatoe jasho alfajiri, na matone hayo huangukia kilichopo. Sanduku liwe na kufuli, na ufunguo usikae mahali watoto wanapofika. Katika msimu wa mvua lifunguliwe mara moja kwa wiki, hata kama hakuna aliyerusha.

Kila baada ya miezi michache kipimo cha chaki na mafuta ya taa kirudiwe, hasa pale mpini unapokutana na upana wa kisu, ambapo nyufa huanzia. Kisu kilichogonga jiwe kipimwe siku hiyohiyo. Kikionyesha mstari, kikatwe vipande viwili kwa msumeno wa chuma kabla ya kutolewa nyumbani, ili asije mtu akakiokota na kukirusha, kisha kirudishwe kwa mhunzi kama chuma chakavu.